Uwashe, Usiwashe: Kisa cha Mwanajeshi Mstaafu Katika Chuo cha Ufundi

Kisa hiki kimetoka katika chuo kimoja cha ufundi jijini Nairobi, ambako nimefanya kazi katika ofisi ya ustawi wa wanafunzi. Mwanafunzi mwenyewe amekisoma na kukubali kiandikwe. Jina lake, kikosi chake, mwaka na mahali alipojeruhiwa, jina la chuo na mambo mengine machache yameondolewa au kubadilishwa. Nitamwita Afande, kwa sababu Nairobi ikishajulikana kwamba uliwahi kuvaa sare, jina hilo litakuandama hata ukienda kununua sukuma wiki.

Nimewaandikia wenzangu walio katika ofisi kama yangu, pamoja na wakufunzi. Makosa mengi yaliyomo ni yangu, kwa hiyo sitayazunguka.

Usuli

Afande alikuwa na miaka 34 alipojiunga na diploma ya umeme, darasani na vijana wa miaka 19 na 20. Alikuwa amelitumikia jeshi kwa zaidi ya miaka kumi. KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, iliingia Somalia Oktoba 2011, na tangu hapo kizazi kizima cha wanajeshi kimekwenda huko kwa zamu na kurudi. Baadhi yao sasa wamo madarasani mwetu, wamekaa nyuma na kalamu mkononi, na hatuwatambui. Yeye alikuwa ndani ya gari lililokanyaga bomu la kutegwa barabarani. Hakukatwa kiungo. Alitibiwa, bodi ya madaktari ikaamua kwamba hafai tena kwa kazi ya jeshi, akaachishwa kwa sababu za afya na kupewa pensheni.

Kilichoharibika ni masikio. La kulia halisikii karibu chochote. La kushoto linasikia, lakini vibaya, na ndani ya yote mawili kuna mvumo usiokoma, kama friji inayonguruma chumba cha pili, usiku na mchana.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana asiyelielewa jambo hili hataelewa kisa. Ndani kabisa mwa sikio mna seli zenye vinyweleo vidogo mno, ambazo ndizo zinazopokea mtikisiko wa sauti. Mlipuko mkubwa huziua, na kwa binadamu hazioti tena. Mara nyingi zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba za juu. Sasa, irabu zetu zina nguvu na ziko chini, ilhali konsonanti kama s, f, t, k na sh ni nyepesi na ziko juu. Kwa hiyo mtu wa aina hii husikia kwamba unasema, asijue unasema nini. Paka, taka, kaka, saka, shaka: kwake yote yanakuja kama a-a. Ukimpigia kelele unamwongezea irabu tu, na sura yako inaonekana ya mtu aliyekasirika.

Fomu yetu ya kujiunga na chuo ilikuwa na swali moja: “Je, una ulemavu? Ndiyo / La.” Afande alitia alama kwenye La. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Alinijibu, “Madam, mlemavu ni yule aliyelala kitanda cha pili hospitalini, aliyepoteza miguu yote miwili. Mimi nilitoka pale nikitembea.”

Muhula wa kwanza

Alikaa pembe ya nyuma kabisa ya darasa, mgongo ukutani, macho mlangoni. Kila darasa, kila siku. Wakufunzi walidhani ni uvivu, au ni aibu ya mtu mzima kukaa na watoto. Hakuna aliyewaza kwamba mtu aliyewahi kulipuliwa hawezi kukaa akiwa hajui nyuma yake kuna nani. Tatizo ni kwamba pembe hiyo ndiyo iliyokuwa mbali zaidi na mdomo wa mkufunzi, na juu yake kulikuwa na feni ya darini iliyokuwa ikikwaruza.

Kwa hiyo tabia iliyompa utulivu ndiyo iliyomnyima somo. Nilichelewa sana kuliona hilo.

Mambo mengine yalifuatana. Mkufunzi mmoja alifundisha kwa kuimla, anasoma nao wanaandika, na daftari la Afande lilijaa mapengo. Mahudhurio yaliitwa mwishoni mwa kipindi, viti vikiburutwa na watu wakicheka. Hakusikia jina lake, hakuitika, akaandikwa hayupo. Chuoni kwetu mwanafunzi asiyefikisha asilimia 75 ya mahudhurio haruhusiwi kufanya mtihani, na kufikia mwezi wa tatu Afande, ambaye hakuwahi kukosa hata siku moja, alikuwa na asilimia 61 kwenye karatasi. Katika majaribio ya katikati ya muhula alianguka masomo mawili. Yale yaliyofundishwa kutoka kitabuni alipita vizuri. Pengo hilo lilikuwa limeandikwa wazi kwenye orodha ya alama, na hakuna aliyelisoma, mimi nikiwemo.

Siku ya karakana

Masomo yetu hufundishwa kwa Kiingereza, lakini karakanani ni Kiswahili, tena cha haraka. Siku hiyo wanafunzi walikuwa wakiunganisha ubao wa swichi. Umeme wa mtaani ulikuwa umepotea na jenereta ilikuwa ikinguruma nje ya dirisha. Mwanafunzi mwingine alikuwa bado ameshika waya. Mkufunzi, akiwa nyuma ya Afande, alisema, “Usiwashe.”

Afande akawasha.

Litazame neno lenyewe. Kati ya uwashe na usiwashe kuna silabi moja, na silabi hiyo imebebwa na s, ile sauti ambayo sikio lake halina. Mdomo wa mkufunzi hakuuona. Alichopata ni u, kisha kitu hafifu, kisha -washe. Kwa bahati yule kijana alikuwa ameuachia waya nukta moja kabla. Kulikuwa na cheche, mlio, fyuzi ikakatika, na harufu ya plastiki iliyoungua. Hakuna aliyeumia.

Mlio ule mdogo ulimfanya Afande ajitupe chini. Wanafunzi wengine wakacheka. Aliinuka, akatoka nje bila kuomba ruhusa, akaenda nyumbani. Kesho yake mezani kwangu kulikuwa na barua ya kumwita mbele ya kamati ya nidhamu kwa makosa matatu: ukaidi, kuhatarisha wenzake, na kuondoka bila ruhusa.

Kikao

Kamati ilikuwa na watu watano. Mkuu wa karakana alitaka ahamishwe kozi, na sitamlaumu kwa hilo. Hoja yake ilikuwa ya kweli: mtu asiyesikia onyo atamuua mwenzake au atajiua mwenyewe, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi apafanye pawe salama. Afande aliulizwa kama ana la kusema. Alisimama wima, mikono nyuma, akasema, “Nimekosa, sina la ziada.” Jeshini ndivyo mtu anavyolijibu kosa. Kwa kamati ya raia, huko ni kukiri ukaidi.

Kilichobadilisha kikao ni jambo dogo. Mwenyekiti alimwita kwa jina akiwa ameinamia karatasi. Hakuitika. Akamwita mara ya pili. Kijana aliyekuwa ameshika waya siku ile, ambaye alikuja kama shahidi, ndiye aliyesema, “Huyu buda hasikii. Sisi tunajua. Tunamgusa bega.”

Wanafunzi walijua tangu Januari.

Niliomba shauri lisimamishwe hadi apimwe masikio, na kamati ikakubali. Sababu niliyotoa ilikuwa ya kisheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu zilizochangamana na jamii, na ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikataza taasisi kumnyima mtu kozi kwa sababu ya ulemavu pekee ikiwa anaweza kujifunza kozi hiyo, na iliitaka izingatie mahitaji yake katika mitihani, ratiba, huduma za ziada na matumizi ya majengo. Sasa ipo Sheria ya 2025 iliyochukua nafasi yake. Kumhamisha kozi kabla ya kujaribu marekebisho yoyote kungekuwa kumwadhibu kwa ajili ya sikio lake. Kifungu cha 47 kuhusu uamuzi wa haki wa kiutawala nilikitaja pia, ingawa nadhani kilichowatisha wanakamati zaidi ni neno “mahakama”.

Wiki mbili za mkalimani

Sasa kosa langu kubwa. Nilikuwa na bajeti ndogo na hamu kubwa ya kuonekana nimetenda. Mwanafunzi hasikii, basi anahitaji mkalimani wa Lugha Ishara. Nilimtafuta mkalimani mzuri, nikapigania malipo yake ya wiki mbili, nikamweka mbele ya darasa. Nilimpiga hata picha kwa ajili ya ripoti.

Afande hajui Lugha Ishara hata neno moja. Angejulia wapi? Alisikia vizuri hadi utu uzima. Lugha Ishara ya Kenya ni lugha kamili yenye sarufi yake, na kwa viziwi waliokulia ndani yake ndiyo lugha ya nyumbani. Kwa mtu aliyepoteza usikivu ukubwani ni lugha ya kigeni kama Kichina. Kwa wiki mbili alikaa akiitazama mikono ya yule dada kwa adabu, akiitikia kwa kichwa, asiambulie kitu, na sasa darasa zima likimwangalia. Kwa nini hakusema? “Mlikuwa mmejitahidi, madam.” Mkalimani ndiye aliyekuja kuniambia siku ya tisa, kwa upole ambao sikuustahili.

Jambo la pili nililofanya lilikuwa la kuchekesha zaidi. Nilimwonyesha njia ya mteremko tuliyojenga kwa ajili ya viti vya magurudumu. Ndiyo huduma pekee tuliyokuwa nayo, nami nilijivunia.

Kutoka stejini hadi stejini

Baada ya aibu hiyo nilifanya nililopaswa kuanza nalo. Nilimwomba nimfuate siku nzima, tangu anapopanda matatu hadi anaposhuka jioni.

Nilijifunza mengi kuliko katika semina yoyote. Asubuhi alipanda nganya iliyokuwa ikipiga muziki hadi viti vinatetemeka, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kufika stejini. Kelele kubwa huuchochea mvumo wa masikio, kwa hiyo alikuwa akifika chuoni akiwa ameshapoteza kipindi cha kwanza kabla hakijaanza. Njiani tulipita Kariokor. Aliniuliza kama najua jina hilo limetoka wapi. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. “Wale nao hawakuulizwa wanasikia vipi,” alisema, na hilo ndilo neno chungu pekee nililowahi kusikia kutoka kwake.

Getini soja alimpigia saluti na kumwambia kitu. Hakukipata, akatabasamu. Darasani nilihesabu mara ambazo mkufunzi aliongea akiwa ameugeukia ubao, nikaacha kuhesabu nilipofika 30. Tangazo la kubadilishwa kwa chumba lilitolewa kwa mdomo koridoni. Kantini alionyesha chakula kwa kidole. Maktabani, ambako kulikuwa kimya, uso wake ulibadilika kabisa, akanieleza fomula ya nguvu za umeme kwa dakika ishirini bila kukwama.

Jioni tulikaa na kuandika orodha ya mahali anapokwama. Ilijaza ukurasa mmoja na nusu. Neno ulemavu halikuwemo.

Tuliyoamua, na kwa nini

Kipimo cha kusikia kilifanywa na wataalamu wa hospitali ya umma, na ripoti ikatuonyesha kwa desibeli yale aliyokwisha kutueleza. Niliomba barua ya aina moja tu: inayosema anasikia nini na hasikii nini, na anahitaji nini darasani. Mtu wa usajili alitaka pia nakala ya faili lake la jeshi. Nilikataa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na chuo hakikuhitaji kujua bomu lilitegwa wapi ili kumpa karatasi za somo. Afande aliniambia baadaye kwamba kama ningemdai faili lile angeacha chuo.

Kiti ndicho kilichochukua mazungumzo marefu kuliko vyote, na wasomaji wengi watashangaa. Kumwambia “kaa mbele” lilikuwa jibu la haraka, nalo lilimshinda: alijaribu siku mbili, akatoka jasho, akarudi nyuma. Tulizunguka vyumba vyote anavyosomea tukitafuta mahali ambapo ukuta uko nyuma au ubavuni, mlango unaonekana, mkufunzi hayuko mbali zaidi ya mita mbili, na sikio la kushoto ndilo linaloelekea kwake. Katika vyumba vitano tulipata viti vinne. Kila kimoja kilikuwa safu ya mbele, pembeni, kimegeuzwa kidogo. Gharama yake ilikuwa sifuri.

Wakufunzi waliombwa kutoa maelezo kwa maandishi kabla ya kipindi na kuongea wakiwa wamelikabili darasa. Wawili walikubali siku hiyohiyo. Mmoja alisema maelezo yake ni jasho lake la miaka 15 na hawezi kuyatoa, tukakubaliana Afande ayapige picha kutoka kwenye daftari lake baada ya kipindi. Si suluhisho zuri, lakini lilifanya kazi. Mahudhurio yakawa kwa kutia saini, na asilimia 61 ikarekebishwa baada ya kulinganisha na kazi alizokuwa amekabidhi.

Kuhusu vifaa: alipata kifaa cha kusikilizia cha sikio la kushoto. Watu hudhani kifaa hicho ni kama miwani, unavaa na mambo yanakaa sawa. Sivyo. Kinakuza kila kitu, feni na viti na vicheko pamoja, na hakiwezi kuzirudisha seli zilizokufa. Karibu na mtu mmoja kilimsaidia sana. Katika ukumbi wenye mwangwi alikivua. Tulijaribu pia programu ya simu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Kwa Kiingereza cha mkufunzi aliyetulia ilikuwa nzuri kuliko tulivyotegemea. Mkufunzi akichanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng katika sentensi moja, kama tunavyoongea sote, programu iliandika vichekesho. Afande aliviweka vingine kwa ajili ya kuchekesha watu.

Karakanani ndiko nilikotarajia vita. Nilimwuliza mkuu wa karakana swali moja: kama jenereta inanguruma, wale wengine wanasikia onyo? Alinyamaza, kisha akasema si kila mara. Kanuni mpya ikawa ya wote: swichi kuu inafungwa kwa kufuli, ufunguo unakaa na anayeshika waya, na hakuna anayewasha kwa neno la mdomo. Ishara ya mkono ndiyo inayotumika, na taa nyekundu juu ya ubao. Ishara zenyewe zilitoka kwa Afande, kwa kuwa jeshini wanazo tayari: ngumi juu maana yake simama. Mwezi uliofuata mkuu wa karakana alikuwa anaieleza kanuni hii kwa wageni kana kwamba aliiota mwenyewe, nami nikamwacha.

Shauri la nidhamu lilifutwa. Niliomba pia barua ya kumwomba radhi. Sikuipata.

Milango mingi

Suala la fedha lilituchosha kuliko yote. Afande ana vyeo viwili mbele ya sheria: ni mtu mwenye ulemavu na ni mwanajeshi mstaafu. Ungedhani mwenye haki mbili anapata mara mbili. Ofisi moja ilisema yeye ni wa jeshi, nyingine ikasema sasa ni raia, ya tatu ikasema ni mwanafunzi na chuo ndicho kinachohusika. Kwa wiki sita alibeba bahasha moja akizunguka mjini.

Sheria ya Maveterani wa Kijeshi ya 2022 imeweka msingi wa kushughulikia maslahi ya wastaafu hawa. Kwa upande wa pili, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwasajili watu baada ya kupimwa katika hospitali ya umma, na lina mfuko unaosaidia karo na vifaa. Wengi wanaijua kadi ya Baraza kwa sababu ya msamaha wa kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi, na mwanafunzi asiye na mshahara hudhani haimhusu. Kwake ndiyo iliyofungua mlango wa kuomba kifaa cha kusikilizia.

Marekani, sheria ya GI Bill ya 1944 iliwapeleka vyuoni zaidi ya wanajeshi milioni 2 waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, na kifungu cha 504 cha sheria ya 1973 kinakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mwenye ulemavu. Vyuo vingi huko vina ofisi ya wastaafu wa jeshi na ofisi ya wenye ulemavu. Chuoni kwetu ofisi zote mbili zilikuwa mimi, na meza yangu ilikuwa inashirikiana droo na mtu wa michezo. Lakini hata penye ofisi mbili, mtu wa aina ya Afande anaweza kuanguka katikati, kila ofisi ikidhani nyingine inamshughulikia. Kilichotusaidia hatimaye ni jambo la kizamani: nilikwenda naye. Tukiwa wawili, barua moja mkononi, tulikaa kwenye benchi hadi mtu akatupokea.

Matokeo

Mwisho wa mwaka Afande alipita masomo yote isipokuwa moja, na kosa la hilo moja ni letu. Maombi ya utaratibu maalumu katika mtihani wa nje, yaani unaotungwa nje ya chuo, yana tarehe ya mwisho. Nilikuwa nashughulika na kiti na kifaa, tarehe ikapita. Aliufanya mtihani bila utaratibu wowote. Katikati msimamizi alitangaza kwa mdomo kwamba swali la nne lina kosa, nambari moja ibadilishwe. Afande hakusikia. Alitumia karibu nusu saa kupambana na hesabu isiyoweza kukubali. Muhula uliofuata alirudia somo hilo, maombi yakiwa yametumwa mapema na kila tangazo likiandikwa ubaoni, akapita.

Mshauri wa saikolojia alimwona mara mbili, kisha Afande akaacha kwenda. Chumba cha ushauri kilikuwa na mlango nyuma ya kiti cha mgeni. Nililigundua hilo baada ya miezi mitatu, nilipokalia kiti hicho mwenyewe. Sasa anakutana na wastaafu wenzake Jumamosi. Kama hilo linatosha, sijui, na si kazi yangu kumchunguza.

Uchambuzi

Nikikitazama kisa chote, kilichofanya kazi kilianza pale tulipoacha kuuliza ana ulemavu wa aina gani na kuuliza anakwama wapi. Lebo ya “asiyesikia” ilinipeleka kwa mkalimani. Lebo ya “mlemavu” ilinipeleka kwenye njia ya mteremko. Lebo ya “askari” ndiyo iliyoifanya kamati ione ukaidi katika adabu yake. Orodha ya ukurasa mmoja na nusu haikuwa na lebo, na kila mstari wake ulikuwa na mtu wa kuutekeleza.

Mengi yaliyomsaidia hayakuwa ya gharama: kiti, saini, kufuli, ubao. Nasema hivi kwa tahadhari, kwa sababu wakuu wa vyuo hupenda kusikia kwamba haki ni bure. Kifaa cha kusikilizia si bure, betri zake si bure, na wiki sita za mtu kuzunguka mjini kwa nauli yake zina bei pia. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo unahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa kuwa ubaguzi. Chuo kisichotenga hata senti kinakuwa kimeamua tayari.

Mkuu wa karakana alikuwa sahihi kuhusu hatari na alikosea kuhusu chanzo chake. Hatari ilikuwa katika amri ya mdomo chini ya jenereta, na ingemkuta hata mwenye masikio mazima. Hoja ya usalama ikiletwa dhidi ya mwanafunzi, nashauri ichukuliwe kwa uzito wote, ifuatwe hadi mwisho wake, badala ya kukatwa njiani kwa kumtoa mtu.

Swali linaloniumiza ni lile la wanafunzi waliokuwa wanamgusa bega. Walikuwa wameshafanya marekebisho yao, kimya, bila fomu wala kamati. Hakuna njia yoyote tuliyokuwa tumeweka ya ujuzi huo kupanda hadi kwetu. Tangu hapo wakufunzi huombwa katika wiki ya nne waangalie nani alama zake za vitabu zinapishana na za kuimla, na nani ameandikwa hayupo wakati kazi zake zipo. Imetupatia wanafunzi wengine watatu. Mmoja wao haoni ubao, na alikuwa amejificha kwa muhula mzima.

Fomu ya kujiunga imebadilishwa. Haina tena Ndiyo na La. Inauliza: “Ni mahali gani chuoni au ni wakati gani wa siku unaotazamia kupata shida ya kusikia, kuona, kutembea, kukaa, kusoma au kutulia?” Ina mistari sita. Tulipoijaribisha tuliwapa pia wanafunzi wa mwaka wa pili. Afande aliandika mstari mmoja: “Chumba namba 9, feni.”

Fundi aliahidi kuja Jumatatu. Hajaja bado.